Kusoma visa vya manabii wa Kiebrania: mwongozo kamili kupitia shamba la Nabothi

Wengi wetu tukifungua visa vya manabii wa Israeli huanza na swali moja: alitabiri nini, na je, kilitimia? Swali hilo tutalifikia, ila ukianza nalo utapita haraka kwenye mambo ambayo msimulizi alikaa nayo. Visa hivi vimebeba mtazamo mzima wa dunia: ardhi ni ya nani, mtu hujuaje kuwa jambo ni kweli, kesho imekwisha kuandikwa au bado, na damu ya mnyonge ikishamwagika huenda wapi. Waandishi wake hawakupanga hoja kama Wayunani. Walisimulia. Falsafa yao utaipata kwa kuangalia nani kasema nini, nani kanyamaza, na nani karudia maneno ya mwenzake huku ameyapunguza.

Kwa hiyo hapa hatutarukaruka. Tutachukua kisa kimoja, 1 Wafalme 21, chenye mistari 29 tu, tukichimbe hadi chini. Ukishakimaliza utaweza kwenda kwa Nathani, Yona au Mikaya bila kushikwa mkono.

Andaa hivi

Tafuta tafsiri mbili: Union Version, ambayo hufuata umbo la sentensi za Kiebrania kwa karibu, na Habari Njema, ambayo huweka maana wazi. Jina la Mungu wa Israeli katika Union Version huandikwa BWANA kwa herufi kubwa. Habari Njema huandika Mwenyezi-Mungu. Alama hiyo usiipuuze, maana ugomvi wa kisa kizima ni baina ya Mungu mwenye jina na miungu mingine yenye majina. Chukua pia daftari na kalamu ya rangi mbili. Tenga jioni mbili.

Hatua ya 1: Soma kwa sauti, kisha sikiliza nani anapunguza maneno

Soma sura yote bila kusimama. Halafu rudi kwenye mistari ya 2 hadi 6, kalamu mkononi.

Ahabu, mfalme wa Israeli, anamtaka Nabothi ampe shamba la mizabibu lililo karibu na ikulu huko Yezreeli. Analitaka liwe bustani ya mboga. Anaahidi shamba bora zaidi, au fedha. Kwa sikio la leo ni biashara ya haki. Nabothi anakataa kwa kiapo: BWANA apishie mbali nisije nikatoa urithi wa baba zangu.

Sasa piga mstari chini ya jibu hilo kila linaporudi. Mstari wa 3, Nabothi mwenyewe: kuna BWANA, kuna urithi wa baba zangu. Mstari wa 4, Ahabu akiwa njiani kwenda nyumbani na uso umekunjamana: urithi wa baba zangu upo, BWANA ametoweka. Mstari wa 6, Ahabu akimweleza mkewe Yezebeli: anasema tu kwamba jamaa amekataa kumpa shamba lake la mizabibu. Urithi nao umetoweka. Jambo lililoanza kama amana kutoka kwa Mungu na mababu limefika chumbani kwa malkia likiwa mali ya mtu mmoja mkaidi. Na fedha, ambayo mwanzoni ilikuja ya pili, sasa imetangulia.

Msimulizi hasemi popote kwamba Ahabu ni mwongo. Anakuachia. Ndivyo visa hivi vinavyofanya kazi, na ndiyo sababu nasisitiza kusoma kwa sauti: sikio hushika mapengo ambayo jicho huyaruka.

Jambo jingine la kutia alama: shamba linaitwaje? Nabothi akishapigwa mawe na kufa, mstari wa 18 BWANA anamwambia nabii Eliya kwamba Ahabu yumo katika shamba la mizabibu la Nabothi. Mwenyewe ni maiti, mfalme ameshaingia kumiliki, lakini kwa Mungu hati haijabadilika jina.

Hatua ya 2: Weka kisa mahali pake

Yezreeli ni mji wa kaskazini mwa Israeli, kwenye bonde lenye rutuba linaloitwa kwa jina hilohilo. Mji mkuu ulikuwa Samaria, uliojengwa na Omri, baba yake Ahabu. Ahabu alitawala takriban kati ya mwaka 874 na 853 KK. Mkewe alikuwa binti Ethbaali, mfalme wa Wasidoni, watu wa pwani ya Foinike walioabudu Baali, mungu wa mvua na radi.

Wafalme hawa si wa kubuni. Jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, lililopatikana Dhiban, Yordani, mwaka 1868 na sasa liko Louvre mjini Paris, linamtaja Omri kwa jina. Jiwe la Shalmaneser III wa Ashuru, lililopatikana Kurkh, Uturuki, mwaka 1861 na sasa liko British Museum, linamtaja Ahabu miongoni mwa wafalme waliopigana naye Qarqar mwaka 853 KK, na linampa magari ya vita 2,000 na askari 10,000. Kwa hesabu za dunia, huyo ni mfalme wa maana.

Basi tafuta vita vya Qarqar ndani ya Wafalme. Havimo. Hata neno moja. Kilichomo ni shamba la mizabibu la mtu ambaye hakuna jiwe lolote lililowahi kumtaja. Ukitaka kujua waandishi hawa walidhani historia ni nini, anzia hapo.

Jiwe la Mesha lina somo jingine. Mesha anaeleza kwamba Omri aliionea Moabu siku nyingi kwa sababu mungu wao Kemoshi aliikasirikia nchi yake. Kwa hiyo wazo la mungu kuwakasirikia watu wake mwenyewe halikuwa la Waisraeli peke yao. Lilikuwa mtaani, kila mtu analijua. Kinachogeuka kwa manabii ni chanzo cha hasira. Mesha hatuambii Kemoshi alikasirishwa na nini. Eliya anataja kosa, anataja jina la aliyetendewa, na anataja mahali.

Hatua ya 3: Safisha neno "nabii"

Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida na ana mtego. Faida ni kwamba neno letu, lililotujia kupitia Kiarabu, ni ndugu wa navi wa Kiebrania. Mtego ni kwamba tunalo tayari na tumelijaza mambo mengine. Ukipita barabara za Dar es Salaam au Nairobi utaona mabango ya manabii wenye namba za simu na mafuta. Picha hiyo iache mlangoni.

Kama umelelewa katika Uislamu, una picha nyingine: manabii waliohifadhiwa na madhambi. Ilyas (Eliya), Al-Yasaa (Elisha) na Yunus (Yona) wanatajwa katika Kurani, na msomaji wa pwani huwajua toka madrasa. Katika maandiko ya Kiebrania utakutana na majina hayohayo yakiwa na tabia nyingine. Eliya anaomba afe. Yona anakimbia, kisha ananuna. Nabii mzee wa Betheli anadanganya waziwazi. Usiharakishe kupatanisha picha hizi mbili. Soma kila moja kwa kanuni zake.

Wayahudi wenyewe huweka Yoshua, Waamuzi, Samweli na Wafalme katika kundi la Manabii, vitabu ambavyo Mkristo wa kawaida huviita vya historia. Danieli, ambaye wengi humdhani nabii wa kwanza kwa kutabiri, kwao yumo katika kundi jingine, Maandiko. Mpangilio huo unaonyesha walitarajia nini: nabii ni mtu anayeisoma historia mbele ya mfalme, mara nyingi akiwa hajaalikwa.

Hatua ya 4: Jifunze maneno manne

Huhitaji kujua Kiebrania. Manne yanatosha kwa kuanzia.

Davar ni neno, na pia ni jambo. Mswahili hahitaji kamusi hapa, kwani sisi husema "hakuna neno" tukimaanisha hakuna shida, na "kuna neno gani?" tukimaanisha kuna jambo gani. Maandiko yanaposema neno la BWANA lilimjia Eliya, sikia kitu kinachotukia, kinachofika kama mgeni au kama ajali. Likishatoka halirudi hewani.

Nachala ni urithi, fungu la ardhi la ukoo. Walawi 25:23 inasema ardhi isiuzwe moja kwa moja, maana ni ya Mungu na watu ni wageni na wapangaji kwake. Sasa jibu la Nabothi halionekani tena ukaidi: hawezi kuuza kisicho chake. Msomaji aliyekulia kwenye kihamba cha Uchagani, ambako mababu wamezikwa migombani, pengine humwelewa Nabothi upesi kuliko mfafanuzi mwenye digrii tatu.

Shuv ni kurudi, kugeuka. Neno letu tubu, lililotoka Kiarabu, ni jamaa yake wa mbali. Toba katika visa hivi ni mwendo wa miguu: ulikuwa unaelekea huku, sasa unarudi kule.

Nacham ndilo gumu. Maana yake ni kujuta, kughairi, na pia kufariji. Husemwa juu ya Mungu. Katika 1 Samweli 15 Mungu anajuta kumtawaza Sauli (mstari wa 11). Kisha Samweli anatangaza kwamba Mungu si mwanadamu hata ajute (mstari wa 29). Kisha msimulizi anafunga sura kwa kusema tena kwamba alijuta (mstari wa 35). Kitenzi kilekile, sura moja. Aliyeandika hakuwa amesahau.

Hatua ya 5: Uliza kisa maswali manne

Haya yaandike juu ya ukurasa wa daftari.

*Nani mwenye ardhi?* Yezebeli ana jibu lake. Anamuuliza mumewe kwa mshangao kama kweli yeye ndiye anayetawala Israeli. Katika siasa aliyokulia, mfalme ambaye hawezi kuchukua bustani ya mboga si mfalme. Nabothi ana jibu jingine, na jibu lake linamweka mfalme chini ya sheria ileile ya mkulima. Angalia pia ile bustani ya mboga: Kumbukumbu la Torati 11:10 inatumia maneno yayo hayo kuielezea Misri, nchi ya utumwa, huku mzabibu ukiwa picha ya Israeli yenyewe katika Isaya 5. Kung'oa mizabibu ili upande mboga kuna harufu ya kurudi Misri.

Na sheria haikuvunjwa hadharani, hilo ndilo linalotisha. Yezebeli anatuma barua kwa jina la Ahabu na muhuri wake. Mfungo unatangazwa. Mashahidi ni wawili, kama Torati inavyodai. Shtaka ni kumtukana Mungu na mfalme, na mwandishi wa Kiebrania ameona aibu hata kuliandika: ametumia tafsida, "amembariki Mungu na mfalme". Wazee wa mji wanafanya neno kwa neno kama walivyoandikiwa. Hakuna anayeuliza. Utaratibu wote umefuatwa, na mtu asiye na hatia amekufa.

*Nani anajua, na anajuaje?* Eliya hakuwepo. Hakuna shahidi aliyemfuata. Neno lilimjia. Lakini usidhani kwamba manabii wana bomba wanalofungua wakitaka. Nathani alimwambia Daudi aendelee na mpango wa kujenga hekalu, na usiku uleule akasahihishwa (2 Samweli 7). Elisha, mama aliyefiwa na mtoto alipomshika miguu, alikiri kwamba BWANA amemficha jambo hilo (2 Wafalme 4:27). Yeremia aliulizwa na watu wenye hofu na akangoja siku kumi kabla ya kujibiwa (Yeremia 42:7). Hanania alipovunja nira ya mti shingoni mwa Yeremia na kutabiri kwamba ukombozi utakuja ndani ya miaka miwili, Yeremia, ambaye kwanza alikuwa amejibu "Amina", alienda zake tu. Jibu lilikuja baadaye (Yeremia 28). Mimi hapo huwa nasimama kidogo: nabii wa kweli ndiye aliyeondoka bila jibu, na wa uongo ndiye aliyekuwa na uhakika wote.

Yeremia 22:15-16 inaenda mbali zaidi. Inamsifu mfalme Yosia kwa kumwamulia maskini na mhitaji, kisha inauliza: je, huko siko kunijua mimi? Kumjua Mungu kumewekwa mahakamani, kwenye kesi ya mtu asiye na wakili.

*Kesho imefungwa?* Eliya anatamka hukumu kali kabisa: mbwa watalamba damu yako. Ahabu anararua mavazi yake, anavaa magunia, anafunga. Na Mungu anamwambia Eliya: umeona Ahabu alivyojinyenyekeza? Hukumu inasogezwa. Ahabu! Mtu ambaye mistari miwili tu kabla msimulizi amesema hakuna aliyejiuza kufanya maovu kama yeye.

Hapa ndipo lile swali la kutimia linapopata nafasi yake. Kumbukumbu la Torati 18:22 inatoa kipimo: neno lisipotokea, nabii alisema kwa kiburi. Ila Yeremia 26 inasimulia kesi ya kweli ya kipimo hicho. Watu wanataka kumuua Yeremia kwa kutabiri maangamizi ya Yerusalemu. Wazee wanasimama wakimkumbuka Mika, aliyesema miaka kama 100 nyuma kwamba Sayuni utalimwa kama shamba. Haukulimwa. Je, walimwita Mika mwongo? Walisema mfalme Hezekia alimcha BWANA, na BWANA akaghairi. Unabii ambao haukutokea ulikuwa umefanya kazi yake. Yona ni kisa hichohicho kikisimuliwa kwa ucheshi: mahubiri ya maneno matano ya Kiebrania, mji mzima hadi ng'ombe wamevaa magunia, na nabii mwenye hasira kwa sababu amefaulu. Kitenzi chake, kile cha Ninawi kupinduliwa, hata kinaweza kusikika kama kugeuzwa.

*Nani analipa?* Adhabu ya Ahabu inahamia siku za mwanawe. Ukisoma mstari wa 29 bila kukereka, umesoma haraka. Ezekieli 18 inapinga kanuni hiyo waziwazi, ikianza na methali ya watu wa wakati huo kwamba baba wamekula zabibu mbichi na meno ya watoto yametiwa ganzi, kisha ikaipiga marufuku. Sauti zote mbili zimo ndani ya mkusanyiko uleule.

Hatua ya 6: Fuata damu hadi mwisho, na usipatanishe sauti kwa nguvu

Jioni ya pili. Soma 1 Wafalme 22, halafu ruka hadi 2 Wafalme 9 na 10, kisha Hosea 1.

Katika sura ya 22 manabii 400 wanamhakikishia Ahabu ushindi huko Ramoth-Gileadi. Mikaya mwana wa Imla peke yake anakataa, na anaeleza alichoona: BWANA katika baraza lake la mbinguni akiuliza nani atamshawishi Ahabu, na roho mmoja akijitolea kuwa roho wa uongo kinywani mwa manabii. Watu wamehangaika na maneno haya kwa karne nyingi. Ushauri wangu ni mdogo: kumbuka kwamba Mikaya anaisimulia njama hiyo mbele ya Ahabu mwenyewe. Mtu anayetegewa mtego ameonyeshwa mtego. Bado akaenda, amejigeuza sura, na mshale uliorushwa bila kulenga ukampata kwenye maungio ya mavazi yake ya vita.

Mbwa walilamba damu yake kwenye birika la Samaria. Lakini Eliya alikuwa amesema mahali pale walipolamba damu ya Nabothi, na Nabothi alikuwa mtu wa Yezreeli. Andika tofauti hiyo kwenye daftari. Usiifute.

2 Wafalme sura ya 9, jemadari Yehu, aliyetiwa mafuta awe mfalme, anamuua Yoramu, mwana wa Ahabu, na kuamuru maiti yake itupwe katika konde la Nabothi. Hapo anakumbuka unabii aliousikia alipokuwa amepanda nyuma ya Ahabu, na maneno yake yanataja damu ya Nabothi na ya wanawe. Wanawe! Sura ya 21 haikututajia watoto hata mara moja. Warithi nao waliondolewa, maana bila hilo ardhi isingekuwa huru kuchukuliwa, nasi tunapata habari hiyo kwa kuchelewa hivi, kinywani mwa muuaji.

Yehu anaendelea kuua: Yezebeli, wana 70 wa Ahabu, ndugu za mfalme wa Yuda, waabudu wa Baali. Katika 2 Wafalme 10:30 anasifiwa na kuahidiwa vizazi vinne vya kiti cha enzi. Kisha fungua Hosea 1:4, inayotoka siku za ukoo huohuo. Nabii anaambiwa amwite mtoto wake Yezreeli, kwa sababu Mungu ataipatiliza nyumba ya Yehu kwa damu ya Yezreeli. Mkono uliolipiza damu ya Nabothi sasa nao unadaiwa.

Wako watakaokupa maelezo ya kulainisha: Yehu alizidisha, Yehu hakuwa na moyo safi. Huenda. Mimi naona mapokeo ya manabii yakijihukumu yenyewe, bila kufuta kumbukumbu ya kwanza.

Hatua ya 7: Jaribu peke yako

Kwa zoezi jepesi chukua 2 Samweli 12, Nathani na mwana-kondoo wa maskini. Pima kila hatua, na uone jinsi Daudi anavyojihukumu kwa kanuni ya Kutoka 22:1, kulipa kondoo mara nne, kabla hajaambiwa "Wewe ndiwe mtu huyo".

Kwa zoezi gumu chukua 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu kutoka Yuda ameamriwa asile mkate wala asinywe maji huko Betheli. Nabii mzee wa mji huo anamfuata, anamdanganya kwamba malaika amebatilisha agizo, na kumrudisha mezani. Wakiwa bado wanakula, neno la kweli la BWANA linakuja, na linapitia kinywa cha yule yule mwongo. Mgeni anaondoka na simba anamuua njiani. Andika maswali manne, jibu kila moja kwa mistari unayoweza kuionyesha kwa kidole, na usikose mstari wa 28: mzee anamkuta maiti amelala barabarani, punda na simba wamesimama kando yake. Simba hakuila maiti wala hakumrarua punda.